Siku Tano Kabla ya Mechi ya Tatu

Mvua ya Januari inapokatika Likasi, kitu cha kwanza kurudi ni harufu. Kabla watoto hawajatoka kukanyaga madimbwi, unasikia ukali wa asidi ukiteremka kutoka kiwanda cha shaba, unakuwasha kidogo nyuma ya koo, kisha unachanganyika na udongo mwekundu uliolowa na moshi wa makala, ndiyo makaa kwetu, ya akina mama wanaowasha tena mbabula zao, yaani majiko, uani. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo na kwa miaka mingi nilidhani ndiyo harufu ya mvua yenyewe, popote duniani. Msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa na mvua nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka wa sita wa shule ya msingi, na timu yetu ya taifa ilikuwa imeingia katika mashindano ya mataifa ya Afrika. Katika barabara yetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mafundi wa baiskeli, masista wa shule yetu, hata mama aliyeuza mikate ya mafuta kwenye kona, wote walikuwa makocha.

Sisi tuliishi katika zile nyumba za matofali zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi, mbilimbili, zikigawana ukuta mmoja na ua uliotenganishwa kwa michongoma tu. Baba yangu, aliyeitwa Papa Ngalula kwa jina langu mimi binti yake, alikuwa fundi umeme kiwandani. Upande wa pili wa ukuta aliishi Papa Zaina, dereva wa lori aliyepeleka vyakula na mabati Kakanda na kurudi, pamoja na mkewe, watoto wanne na mama yake mzazi, Kambo Salima. Kambo ndiyo heshima tuliyompa bibi yeyote, wa kwetu au wa jirani. Wao walikuwa Waislamu, wazee wao walitoka Maniema. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na babu yangu alifika mjini kwa treni kutoka Kasai, akiwa kijana, kutafuta kazi ya shaba. Mimi na Zaina, binti yao mkubwa, tulizaliwa mwezi mmoja. Tulikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani moja kabla hatujajua kwamba kuna nyumba mbili. Siku ya Idi nilivaa nguo mpya kama yeye, na siku ya Noeli yeye alikuwa wa kwanza kuamka.

Umeme nao tuligawana, kwa namna yake. Maji ya Lufira yalikuwa yakizungusha mitambo ya Mwadingusha, si mbali sana na sisi, lakini taa ziliwaka zilivyotaka. Nyumba yetu ilikuwa kwenye fazi, yaani laini ya umeme, iliyokatika mara chache, ya Papa Zaina ilikuwa kwenye fazi iliyokaa gizani wiki nzima. Lakini wao walikuwa na televisheni na friji, sisi hatukuwa na hata kimoja. Kwa hiyo baba alivuta waya mnene mweusi kutoka kwetu, akaupitisha juu ya michongoma hadi dirishani kwao, na mambo yakawa sawa. Umeme wetu, televisheni yao. Jioni za mechi tuliketi sote sebuleni kwa Papa Zaina, watu wazima kwenye viti, watoto kwenye mkeka, na Kambo Salima kwenye kochi lake la pembeni, akiuliza kila baada ya dakika chache, "Sisi ni bale ba rangi gani?"

Inabidi nieleze kidogo jinsi mashindano yalivyokwenda wakati huo, kwa sababu ugomvi wote ulitoka humo. Timu zilikuwa kumi na sita, zimegawanywa makundi manne. Katika kundi kila timu hucheza na wenzake watatu. Ukishinda unapata alama tatu, ukitoka sare moja, ukifungwa huna kitu. Mwishoni wawili wa juu wanaingia robo fainali, wawili wa chini wanafunga mizigo. Rahisi kabisa, mpaka pale timu mbili zinapolingana alama. Kundi letu lilikuwa na timu moja kutoka kaskazini, kali kuliko zote, moja kutoka magharibi, na moja kutoka kusini iliyoonekana dhaifu. Mechi ya kwanza tuliwafunga watu wa magharibi bao moja kwa bila, na barabara yetu ilipiga sufuria hadi mwenye duka la kona akatoka kutuomba tumhurumie. Mechi ya pili, siku ya Alhamisi, watu wa kaskazini walitufunga matatu. Baya zaidi, siku hiyohiyo wale wa magharibi waliwafunga watu wa kusini manne kwa bila. Wa kaskazini wakawa na alama sita. Sisi tatu, wa magharibi tatu. Ilibaki mechi moja, sisi na wa kusini, wa magharibi na wa kaskazini.

Filimbi ya mwisho ya siku hiyo ilipigwa. Nakumbuka sauti ya mvua ikidondoka kutoka kwenye bati hadi ndani ya ndoo. Kisha baba akainuka, akachukua kipande cha makala kwenye mbabula ya Mama Zaina, akachora jedwali la kundi sakafuni, kwenye saruji, kama alivyokuwa akichora nyaya alipotaka kumwelewesha mtu kazi yake. Akasema bado tuko hai. Sisi na wale wa magharibi tukimaliza na alama sawa, sisi ndio tutakaopita, kwa sababu tulipokutana nao uso kwa uso tuliwapiga. Papa Zaina akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye subira ya watu wanaoendesha lori kwenye matope. Alisema hapana, alama zikilingana wanaangalia kwanza tofauti ya mabao, yaani mabao uliyofunga ukitoa uliyofungwa, na huko sisi tulikuwa tumezama, tuna upungufu wa mawili, wakati wenzetu wana ziada ya matatu. Alikuwa ameona hivyo hivyo kwenye Kombe la Dunia, zaidi ya mara moja. Baba akasema hajui anachosema. Papa Zaina akasema hesabu haitazami uso wa mtu.

Wangeweza kuishia hapo, wakalala, asubuhi wakacheka. Lakini baba alikuwa na uchungu wa yale mabao matatu, na uchungu ule ulitafuta mtu wa kumwangukia. Alisimama wima, makala bado mkononi, akasema, "Weye unafurahi tutoke. Weye hauko muntu ya huku. Utajua nini juu ya timu yetu?"

Nilikuwa mdogo, lakini nilijua. Katika mji wetu maneno hayo si maneno ya mpira. Nimesema wazee wetu walitoka pande mbalimbali; wazazi wetu wote walikuwa wamewahi kusikia, kwa namna moja au nyingine, kwamba hawako wa huku, na walijua yanayoweza kufuata neno kama hilo, watu kufukuzwa makwao. Mama yangu alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Papa Zaina akauliza polepole, "Timu yetu? Yetu, ya nani na nani?" Papa Zaina akainama, akazima televisheni, akarudi kuketi, mikono magotini, akisubiri tuondoke kwake. Tulipofika kwetu baba alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme, akachomoa ule waya mweusi, akauvuta wote kutoka juu ya michongoma, akaukunja duara na kuutia kwenye mfuko wake wa kazi. Mama akamwambia, "Papa Ngalula, fikiri." Hakufikiri. Alikwenda kulala bila kula.

Kesho yake asubuhi, baba akiwa ameshaondoka kwenda kiwandani na mfuko wake begani, Zaina alitokea kwenye tundu tulilozoea kupitia katika michongoma akiwa amevaa sare ya shule upande mmoja tu, mkono mwingine nje. Alikuwa amelia. Kambo Salima aliugua sukari, na dawa yake ya kuchoma sindano ilikaa kwenye friji, kwenye kikombe, karibu na maziwa. Friji ilikuwa imezimika tangu jioni ile. Usiku kucha Mama Zaina alikuwa ameiweka dawa ndani ya mtungi wa maji, akibadilisha maji kila mara, bila kujua kama inatosha. Mama yangu alivua kandambili, akavaa viatu vyake vya kanisani, akampitia Mama Zaina, wakaenda wote wawili kwenye zahanati na kile kikombe kimefungwa ndani ya kitambaa kilicholowa. Sisi tulienda shule lakini sikumbuki somo hata moja la siku hiyo. Nilichokuwa nikiona ubaoni ni mkono wa baba ukichomoa waya.

Muuguzi aliwaambia dawa haijaharibika. Siku kadhaa nje ya friji, mahali pa baridi, zisingeiua, lakini wasiifanye desturi, hasa joto likipanda. Mama alirudi akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Hata hivyo dawa ilihitaji mahali pa kukaa, waya ulikuwa kiwandani ndani ya mfuko wa baba, na mama alijua kwamba mumewe hangeurudisha jioni hiyo wala kesho. Ndipo hao kina mama wawili walipofanya jambo ambalo mpaka leo likitajwa kwenye familia zetu watu wanaegemea ukuta kwa kucheka. Kama umeme hauwezi kwenda kwenye friji, friji itakwenda kwenye umeme. Tuliporudi shuleni mchana tuliwakuta wakiisukuma, wamekata michongoma kwa panga kupanua lile tundu, wameilaza juu ya toroli la kubebea mchanga, Mama Zaina mbele anavuta, mama yangu nyuma anasukuma, na Kambo Salima ameketi kwenye kigoda anatoa amri. "Polepole! Si muzigo ya makala hii!" Sisi tulishika pembeni. Gurudumu lilizama kwenye tope mara mbili. Mwishowe friji ikasimama katika chumba nilicholala na wadogo zangu, nyuma ya pazia, ikaanza kunguruma, na mama akatutazama mmoja mmoja. "Hakuna mutoto atafungua kinywa," alisema. Hakuna aliyefungua.

Lakini friji ilikuwa na kinywa chake. Jioni hiyo baba akila bukari, ugali wetu, na samaki, ule mngurumo ulianza nyuma ya pazia, ukatetemeka, ukanyamaza. Akainua kichwa. "Kitu gani inalia?" Mama akamwongezea mboga. "Panya," akasema. Baba akatafuna kidogo. "Panya gani inalia sawa moteri?" Mama akasema panya wa msimu huu wa mvua ni wakubwa. Wadogo zangu waliinama mpaka pua zikagusa sahani. Baba hakuuliza tena. Sijui kama wakati ule alishajua. Alikuwa fundi umeme, na sidhani kama kuna mngurumo wa mashine ulioweza kumdanganya kwa muda mrefu. Jumamosi ilipita namna hiyo. Papa Zaina alitoka na lori alfajiri akarudi jioni, hakutazama upande wetu. Zaina na mimi tulionana kwenye tundu la michongoma tu, tukiongea kwa minong'ono, na kila mara alipokuja kuchukua dawa ya Kambo alipita kwa dirisha la nyuma kama mwizi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nyumba aliyokuwa akiingia bila kubisha hodi, sasa aliingia kwa dirisha.

Jumapili baada ya misa baba aliingia chumbani kwetu kutafuta nyundo yake. Nilikuwa kitandani, nimejifanya nimelala. Nilimwona akivuta pazia. Alisimama mbele ya friji, akaifungua. Ile taa ndogo ya ndani ikamulika uso wake. Ndani mlikuwa na bamia, chupa ya maji, maziwa ya mdogo wake Zaina, na kile kikombe chenye dawa, kimeandikwa jina la Kambo Salima kwa mkono wa Mama Zaina kwenye kipande cha plasta. Alikitazama kikombe kile kwa muda mrefu hata nikaogopa ubaridi utaisha. Kisha akafunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akarudisha pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Aliniuliza bila kunitazama, "Kambo iko muzima?" Nikasahau kwamba nimelala, nikasema, "Iko muzima, Papa. Muganga alisema dawa haikuharibika." Akavuta pumzi, akaitoa yote. Akainuka akaenda uani. Nyundo hakuichukua.

Lakini hakwenda kwa jirani. Nilisubiri Jumapili nzima aende, hakwenda. Leo nadhani naelewa: angekwenda na nini mkononi? Bado aliamini kwamba kuhusu kundi alikuwa na haki, na mtu anayeamini ana haki anashindwa kujua pa kuanzia. Sisi watoto tuliona shida kwa urahisi zaidi. Tulidhani wamegombana juu ya kanuni, basi tukiipata kanuni ugomvi utakwisha. Jumatatu baada ya shule, Zaina na mimi tulikwenda kumtafuta Mama Arbitre.

Jina lake la kweli watu wachache walilijua; arbitre ni refa kwa Kifaransa. Alikuwa mshonaji, na mashine yake ilikaa barazani karibu na uwanja, lakini Jumamosi na Jumapili alivaa kaptula nyeusi na kupuliza filimbi kwenye mechi za vijana na za wanawake, na niliwahi kumwona akimtoa nje kwa kadi nyekundu mwanamume aliyemzidi kimo mara moja na nusu. Tulimkuta akishona sare za kwaya. Tulimweleza yote, tukipokezana, hata habari ya friji. Aliacha kukanyaga mashine. Alicheka kwanza, halafu hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na bahasha kubwa ya kahawia yenye karatasi za Kifaransa alizopewa kwenye mafunzo Lubumbashi, akavaa miwani na kupitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kila mashindano iko na kitabu yake," alisema. Katika Kombe la Dunia, alituonyesha, timu zikilingana alama wanaanza na tofauti ya mabao. Katika mashindano yetu ya Afrika wanaanza na matokeo ya timu hizo zenyewe zilipokutana. Zaina akauliza, "Sasa nani iko na haki?" Mama Arbitre akavua miwani, akainua vidole viwili. "Babili. Papa yako anaongea Kombe ya Dunia, papa ya mwenzako anaongea ya Afrika. Kila mutu alisoma kitabu yake." Nilitaka kukimbia nyumbani papo hapo. Lakini yeye alitushika mabega, akatuambia tuandike yote kwenye daftari, maneno yaleyale, mara mbili, kila mmoja nakala yake. Tulipomaliza alisema jambo ambalo sikulielewa mpaka kesho yake: karatasi hiyo itamaliza mambo ya mabao, yale maneno mengine aliyoyasema baba hayamo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

Nilimpa baba daftari jioni ile akiwa anavua viatu. Alilisoma amesimama. Nilitegemea atafurahi, maana alikuwa na haki. Badala yake uso wake ulizidi kuinama. Sasa hakuwa na kitu cha kushikilia. Alikuwa amepatia juu ya mabao, na upande wa pili wa ukuta bado palikuwa na mtu aliyeambiwa si wa hapa. Nyuma ya ukuta huohuo nilisikia sauti ya Zaina ikisoma kwa Kifaransa, polepole, mstari kwa mstari, na sauti ya baba yake ikimwambia arudie.

Mechi ya tatu ilikuwa Jumanne saa kumi na moja jioni. Mechi zote mbili za kundi zilichezwa kwa wakati mmoja, ili timu yoyote isicheze ikijua matokeo ya wenzake. Baba alirudi mapema kutoka kazini. Alinawa, akavaa shati la Jumapili, akatoa waya mweusi kwenye mfuko, akaushika kwa mikono miwili, akatoka. Mimi nilimfuata kwa nyuma. Tulipofika kwenye tundu la michongoma tulimkuta Papa Zaina anakuja upande wetu, amebeba televisheni kifuani, jasho linamtoka, na nyuma yake Zaina ameshika antena. Friji ilikuwa kwetu, Kambo Salima alikuwa ameshahamia kwetu kuanzia mchana, umeme ulikuwa kwetu. Papa Zaina alikuwa amefikiri njia fupi ni kuileta hiyo iliyobaki. Wakasimama wanatazamana, mmoja na waya, mwingine na televisheni, na tundu lilikuwa jembamba mno kupitisha wote wawili.

Papa Zaina ndiye aliyeanza. "Nilikosa mu hesabu," alisema. "Ulikuwa na haki."

"Ile ya mabao ni kitu kidogo," baba akasema. "Minye nilikosea muntu. Papa yangu alifika huku na treni, na sanduku moja. Kama weye hauko wa huku, minye niko wa wapi? Unisamehe, Papa Zaina. Na dawa ya Kambo, minye sikufikiri. Mungu anajua sikufikiri."

Papa Zaina alisogeza televisheni juu kidogo kifuani. Akasema, "Shika huku upande moja. Hii kitu ni nzito." Baba akatupa waya chini, akashika upande wake, wakaingia kwetu pamoja, mmoja akitembea kinyumenyume. Huko ndani Kambo Salima, aliyekuwa amekalia kiti cha baba, aliwatazama akasema tu, "Mulikawia."

Mechi yenyewe nilitazama kwa jicho moja. Lingine lilikuwa kwa baba zetu, walioketi kwenye benchi moja, redio ya betri katikati yao ikitangaza ile mechi nyingine. Tulifunga bao mapema. Halafu zikiwa zimebaki dakika chache, wale wa kusini, walioonekana dhaifu, wakasawazisha. Bao moja kwa bao moja. Mpira wetu ukaisha hivyo, alama nne. Kwenye redio wale wa magharibi na wa kaskazini walikuwa bila kwa bila na dakika za nyongeza zilikuwa zinaendelea. Wakibaki sare, wa magharibi nao watakuwa na alama nne, mabao yao mazuri kuliko yetu, na kila kitu kitaegemea ile kanuni. Wakifunga, sisi tumetoka. Baba alizima sauti ya televisheni. Chumba kizima kiliinamia redio. Mtangazaji alisema kona, akasema kona ya pili, akasema mpira umegonga mwamba, na mama yangu akapiga magoti, rozari mkononi, huku Mama Zaina ubavuni mwake akinong'ona dua zake. Kisha filimbi.

Hakuna aliyeruka kwanza. Papa Zaina alichukua daftari la Zaina, akaliweka kwenye goti la baba, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Soma tena," alisema, "minye nasikia muzuri." Baba akasoma. Alipomaliza, mtangazaji naye alithibitisha: tumepita, wa pili katika kundi. Ndipo nikasikia sufuria zinaanza kulia barabarani, nyumba baada ya nyumba. Sisi tulikuwa tunacheka na kulia pamoja, lakini zaidi tulikuwa tunapumua. Nakumbuka hivyo hasa, watu kumi na wawili katika chumba kidogo, wanapumua kama waliokuwa chini ya maji. Robo fainali tulifungwa, na nitakuwa mwongo nikisema tulihuzunika sana.

Miaka imepita. Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu hapa hapa Likasi. Zaina ni muuguzi Kindu, na mashindano yakifika tunapigiana simu kila mechi za kundi zinapokwisha. Mambo ni makubwa kuliko enzi zetu: timu ni ishirini na nne, makundi sita, na hata wa tatu anaweza kupita kama ni miongoni mwa wanne bora. Hakuna mtoto anayetembea kutafuta kanuni. Simu inakupangia jedwali kabla mchezaji hajavua viatu, inakuambia nani kapita na kwa nini. Nafurahi kwa hilo, kwa kweli. Ningepewa simu kama hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja ningelala vizuri zaidi.

Lakini mwaka huu, kwenye chumba cha walimu, tulikuwa tukibishana habari za wa tatu bora, na mwalimu mwenzangu Furaha, aliyehamia kwetu kutoka Kivu, alinisahihisha mbele ya wote. Simu ilionyesha ana haki. Nami, mtu mzima, binti wa baba yangu, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba wageni wamejua kila kitu. Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Kengele ililia, nikaingia darasani, nikaandika ubaoni mlinganyo ambao sikuweza kuumaliza. Baba alihitaji siku tano. Kengele ya pili ilipolia nilikuwa tayari mlangoni mwa darasa la Furaha, chaki bado mkononi, na nilimwomba msamaha na kusema yote kabla hajaweka vitabu chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti cha mwanafunzi kwa mguu, akanisogezea. "Ikala basi, dada," alisema. Nikakaa.